Suruali ya Harusi ya Bwana Haipiti

Kuna watu wanaosema uongo kwa ulimi, na hao bado wanajifunza kazi. Fundi alisema uongo kwa sindano. Aliusema kwa uzi wa kijivu, mshono mdogo baada ya mshono mdogo, kwa miaka kumi na minne, na kila alipoumaliza aliupiga pasi.

Aliyedanganywa alikuwa mume wake, karani wa mizani ya malori, mtu mwenye sifa moja ambayo hata wabaya wake hawakumnyima: hapunji wala hapunjiki. Malori yalipanda juu ya ile sahani kubwa ya chuma iliyolala sawa na barabara, naye ndani ya kibanda chake cha vioo akisoma namba, na mzigo ukizidi hata kwa gunia moja alitoa kichwa dirishani akatamka neno lake. "Haipiti." Madereva walimbembeleza, walimtania, walimtajia majina ya wakubwa, mmoja alimlilia machozi ya kweli. Haipiti. Ndipo wakambatiza Bwana Haipiti, na jina likamkaa vizuri kuliko nguo zake zote.

Isipokuwa suruali moja.

Suruali hiyo ilikuwa ya kijivu, ya suti iliyokuja kuwa ya harusi yao, na Fundi aliishona mwenyewe kabla hawajaoana. Ndivyo walivyojuana. Karani alikuja kupimwa, kiuno inchi thelathini na tatu, akaambiwa avute pumzi, akavuta na kusahau kuitoa mpaka alipoulizwa kama anaumwa. Tangu hapo, kila mwisho wa mwaka kwenye sherehe ya kazini kwake, aliivaa, akasimama katikati ya wenzake, akapenyeza vidole viwili kati ya mkanda na tumbo na kuuliza, "Nani mwingine hapa kavaa suruali ya harusi yake?" Hakuna aliyejibu. Wengine hata siku ya harusi walivaa za kuazima.

Kumbe mwaka wa kwanza tu wa ndoa kifungo kilikuwa kimekataa. Kifungo kilibaki upande wake na tundu upande wake, kama ndugu waliogombea urithi. Fundi aliuona uso wa mumewe ukishuka, uso wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto mbele za watu, akashindwa kuuvumilia.

"Imesinyaa kwa kufuliwa," akasema haraka. "Vitambaa vya siku hizi! Ilete niinyooshe."

Aliipeleka dukani kwake, chumba cha mbele cha nyumba yao hiyohiyo, akafunga pazia. Kila fundi mwenye akili huacha akiba, yaani kitambaa cha ziada kilichokunjwa ndani ya mshono wa nyuma, kwa sababu binadamu habaki alivyo. Akiba haiozi, walisema wahenga, ingawa hawakuwa wakizungumzia makalio. Fundi alifumua, akaachia inchi moja, akashona, akapiga pasi. Karani akavaa. Kifungo kikaingia tunduni bila ugomvi. Furaha aliyoiona Fundi usoni kwa mumewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata yeye mwenyewe aliamini ametenda jambo jema.

Jambo jema likarudiwa mwaka uliofuata. Na uliofuata. Akiba ilipokwisha, Fundi alitoa kabatini masalio ya kitambaa kilekile, maana mafundi hawatupi kitu, akakata kipande cha pembetatu na kukipachika nyuma, mahali ambapo koti lingekifunika. Baadaye akaongeza vipande viwili ubavuni. Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo. Hii ilikuwa na urefu wa miaka kumi na minne na upana wa inchi saba.

Suruali za kazini hazikumsumbua mtu, kwa kuwa zilikuwa na mpira kiunoni, na mpira ni shahidi asiyeaminika katika mahakama yoyote. Kioo cha nyumbani kilikuwa cha kunyolea ndevu, kinaonyesha mtu kutoka kidevuni kwenda juu. Kwa hiyo suruali ya harusi ilibaki kuwa ushahidi pekee, na Karani, mtu wa ushahidi, alikula kwa dhamiri safi. Chai ya asubuhi, vijiko vitano vya sukari. Mkate uliopakwa siagi mpaka alama za meno zikabaki juu yake. Soda mbili kibandani, moja ya kushushia na nyingine ya kuiburudisha ile ya kwanza. Mchana mlima wa wali na nyama yenye mafuta, jioni viazi vya kukaanga. Kisha siku nzima kitini, akiinuka kwa ajili ya Mungu na choo tu.

"Ukoo wetu hatunenepi," alimwambia dada yake, ambaye Fundi alimwita wifi, na ambaye alikaa kwenye kochi la watu wawili bila kuacha nafasi ya mtu wa pili.

"Kaka, mimi ni wa ukoo gani?"

"Wewe umeolewa. Uko ukoo wa watu."

"Na hicho kitambi?"

Karani alijitazama chini kwa utulivu. "Hiki si kitambi. Ni kifua. Kimeshuka kupumzika."

Wifi alicheka mpaka kochi likalalamika. Fundi naye alicheka, lakini kicheko chake kilifika kooni kikageuka. Yeye ndiye aliyekuwa akipakua ule mlima wa wali. Yeye ndiye aliyekuwa akipanua suruali ya kuubebea. Alikuwa amemnyima mumewe kitu kimoja tu, habari zake mwenyewe.

Mwezi wa pili wa mwaka, miezi miwili baada ya sherehe, nesi alikuja pale mizani kuwapima afya wafanyakazi na madereva. Karani alirudi nyumbani akiwa na hasira ya furaha, ile ya mtu aliyeshinda mabishano.

"Mama watoto, umewahi kuona mtu anapima watu kwa mizani isiyo na lakiri?"

Fundi alikuwa na pini nne mdomoni, jambo lililomwokoa asijibu.

"Nimemuuliza, 'Nesi, mizani hii ilikaguliwa lini?' Hajui! 'Lakiri ya ukaguzi iko wapi?' Hana! Eti kilo tisini na nane. Akatoa tepu, eti kiuno inchi arobaini. Eti presha imepanda, na sukari bado haijawa ugonjwa lakini iko mlangoni, imeshavua viatu. Nikamwambia mbele ya madereva wote: 'Haipiti! Mimi navaa suruali ya harusi yangu, inchi thelathini na tatu, na aliyeishona anaishi nyumbani kwangu.' Mama yangu, walivyompigia miluzi! Anarudi Jumatatu ya wiki ijayo. Nitamletea suruali aione kwa macho."

"Na nesi alisemaje?" Fundi aliuliza, baada ya kutoa pini moja moja, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Atasema nini? Alikusanya vitu vyake. Nadhani alilia kidogo, ni binti mdogo yule. Kanipa na karatasi, sijui mchoro wa nini." Akaiweka juu ya cherehani.

Ulikuwa mchoro wa sahani. Nusu nzima mboga za majani na matunda. Robo wanga: wali, viazi au mkate. Robo maharage, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta. Chini yake nesi alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Maji badala ya soda. Punguza sukari kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Kula taratibu. Tembea nusu saa kila siku. Usijinyime chakula, jipangie.* Mwandiko ulikuwa wa duara na wa heshima, wa mtu aliyetarajia kusomwa.

Fundi aliusoma mara tatu. Binti mdogo. Alilia kidogo. Akaikunja karatasi akaitia kwenye kopo la vifungo.

Jioni hiyo alijaribu kutubu kwa mwiko. Alipakua kama mchoro ulivyosema. Karani aliitazama sahani, akaizungusha, akatazama upande wa pili kama kuna kitu kimejificha.

"Kuna mbuzi anakuja kula hapa?"

"Mboga ni nzuri, baba watoto."

"Sijasema ni mbaya. Nimeuliza kama ni zake." Kisha, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeumia kweli, akauliza: "Nimekukosea nini?"

Hapo ndipo ingefaa aseme. Maneno yalikuwa matano tu: mume wangu, suruali nimeipanua mimi. Fundi aliyapanga ulimini, akayahesabu, akainuka na kuongeza wali.

Sasa sikilizeni namna mtu mwenye hatia anavyopiga hesabu. Kusema ni aibu. Kunyamaza ni kumwua mume. Basi, akafikiri Fundi, kwa nini isiseme suruali yenyewe? Ilidanganya kwa kupanuliwa, na ikirudishwa itasema kweli. Karani ataivaa, itakataa, ataamini tepu ya nesi, atakula mboga, na hakuna atakayejua lolote. Lilionekana wazo la busara sana. Mawazo ya wenye hatia huonekana hivyo siku zote.

Jumatano mchana alifunga pazia, akafumua kila kitu. Pembetatu ya nyuma, vipande vya ubavu, akiba. Mkono ungejua kurudisha inchi mbili au tatu tu, lakini mkono haukuwa na amri siku ile. Alirudisha zote saba, mpaka chaki ya zamani ilipokuwa, mpaka suruali ikawa kama siku ile kijana mmoja alipovuta pumzi na kusahau kuitoa.

Jumamosi Karani aliitoa kabatini mbele ya dada yake. "Wifi yako ni shahidi, nawe pia njoo uwe shahidi," akamwambia, akaingia chumbani, akaacha mlango wazi kidogo kwa ajili ya kushangiliwa.

Walisikia mguu mmoja ukiingia. Walisikia wa pili. Walisikia kimya.

"Kaka, umefika wapi?" wifi akapaza sauti. "Magotini au mipakani?"

Fundi aliingia. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, suruali imekwama katikati ya mapaja, mikono imelala kando kama vitu vya mtu mwingine.

"Miezi miwili," akasema. "Niliivaa miezi miwili iliyopita. Vidole viwili viliingia. Hata mwenyewe uliviona."

"Labda..."

"Usiseme imesinyaa. Haijafuliwa." Alikuwa karani hata katika msiba. "Mtu hanenepi inchi saba kwa miezi miwili, mama watoto. Huku si kunenepa. Nimevimba. Marehemu baba alianza hivihivi. Tumbo kwanza. Mwezi wa tatu tukamzika."

Wifi, aliyekuwa amefika mlangoni na utani mwingine tayari, aliumeza, akamsaidia kaka yake kuivua suruali kama anavyovuliwa mtoto mgonjwa.

Mtu angedhani hapo Fundi alisema. Hakusema. Aibu ina tabia moja mbaya: ukiilea ikiwa ndogo ukidhani utaimudu, inakua na kukulea wewe. Sasa hakuwa na uongo mmoja wa kukiri bali miwili, na wa pili ulikuwa umemfanya mumewe aingie chumbani, afungue sanduku la bati, na kumwonyesha zilipo hati za nyumba, vyeti vya watoto walioko shule ya bweni, na shati ambalo angependa kuzikwa nalo.

"Suti hainitoshi tena," akaeleza.

Tangu usiku ule hakula. Alisema uvimbe hulishwa na chakula. Asubuhi maji ya moto, mchana maji ya moto, jioni maji ya moto na ndimu. Jumapili Fundi alimpelekea uji, akaukataa kwa upole. Ule upole ndio uliouma. Angemfokea ingekuwa nafuu. Jumatatu alikwenda kazini bila suruali ya ushahidi, na nesi alipofika, yeye hakumtania wala kumwangalia. Alijifungia kibandani akajifanya anahesabu. Madereva waliotaka kuona mchezo walirudi kwenye malori yao wakinong'ona.

Jumanne, saa nne asubuhi, lori la mbao lilipanda, likapimwa, likashuka. Karani alitoka kibandani kwenda kuokota kipande cha ubao kilichoangukia juu ya sahani. Aliinama. Dunia ikainama naye. Madereva walimwona akilala taratibu juu ya chuma, kama mzigo ulioshushwa kwa uangalifu.

Mizani ile husoma kwa mafungu ya kilo ishirini, na ina lakiri mbili za ukaguzi, moja ya mwaka huo. Kwenye ubao wa namba nyekundu juu ya kibanda, mbele ya watu wote, ikaandika: 100.

Ndivyo alivyokuja kumweleza Fundi yule dereva wa lori la mbao aliyekuja kumchukua dukani. "Hatukucheka, fundi," akaapa. "Naapa hatukucheka. Mmoja tu, na tulimnyamazisha."

Fundi alimkuta mumewe kwenye kitanda cha zahanati, rangi imerudi kidogo, mkononi ana kikombe cha uji na nusu ya ndizi. Nesi yuleyule binti mdogo ameketi kando yake, kalamu mkononi.

"Shikamoo mama. Usiogope. Sukari na presha vilishuka kwa kukaa na njaa. Baba, nilikuandikia usijinyime. Mwili ukiunyima kabisa unaishiwa nguvu, na siku ukianza kula unalipiza kisasi." Kisha akageuza ukurasa. "Ila hili la pili ndilo linanitisha. Umesema umeongezeka inchi saba kwa miezi miwili?"

"Saba. Suruali haisemi uongo," akasema Karani kwa sauti nyembamba.

"Na baba mzazi alifariki kwa uvimbe wa tumbo." Nesi alikuwa tayari anaandika. "Nakuandikia barua ya hospitali kuu leo hii. Watakulaza. Watapiga picha za tumbo, na wakiona kuna haja watachukua kipande ndani wakipime. Ni sindano ndefu kidogo, sitakuficha. Na dawa za presha nilizotaka kukuanzishia tuziache kwanza mpaka..."

Kalamu ilikwenda ikirudi, ikirudi ikienda, mwandiko uleule wa duara na heshima. Fundi aliuona uongo wake ukitoka kwenye kitambaa ukaingia kwenye karatasi, na kutoka kwenye karatasi utaingia tumboni kwa mumewe kwa sindano ndefu. Yeye pia alikuwa mtu wa sindano. Alijua kwamba sindano haiulizi, inakwenda inapoelekezwa.

"Usiandike," akasema.

Nesi akainua uso.

"Hajavimba." Sauti yake ilikuwa ndogo, akajikuta anazungumza na sakafu, na kigae kimoja chenye ufa. "Ni mimi. Nimekuwa nikiipanua suruali. Kila mwaka. Kisha Jumatano nikairudisha yote kwa mkupuo, ili... ili aone mwenyewe. Nesi, tepu yako ilikuwa sawa."

Mahali pengine kwenye zahanati ile mtoto alikuwa akilia kwa kuchomwa sindano, na Fundi alimwonea wivu, maana sindano yake ilikuwa imeshakwisha.

Karani alimaliza ndizi yake. Alitafuna taratibu sana, kama karatasi ilivyoelekeza. Hakusema neno pale, wala njiani. Walikwenda kwa miguu, hatua chache zikifuatwa na pumziko, na kwenye kila pumziko Fundi alitamani matusi.

Nyumbani aliingia dukani, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kuingia, akajitazama kwenye kioo kirefu, mbele, ubavu, ubavu mwingine. Alijitazama muda mrefu, kama anatazama lori ambalo hajawahi kuliona likipita.

"Lete suruali."

Akaigeuza nje ndani. Matundu ya sindano hayafi. Kitambaa cha kijivu kilikuwa na mistari yake yote, mmoja kando ya mwingine, mahali uzi ulipopita na kufumuliwa, na karani akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza.

"Huu?"

"Mwaka ule tulipooana."

"Huu?"

"Alipozaliwa mtoto wa kwanza."

"Na huu?"

"Sherehe ya mwaka juzi. Hapo akiba ilikuwa imekwisha zamani. Niliweka kiraka."

Alisoma mpaka mwisho, bila kuruka hata mmoja, kama alivyosoma hati za mizigo. Kisha akaiweka mezani.

"Miaka kumi na minne nimesimamisha watu barabarani," akasema. "Nimewakatalia watu wenye watoto wagonjwa. Kumbe kila jioni mzigo uliozidi unapita nyumbani kwangu, na anayefungua kizuizi ni mke wangu."

"Sikutaka uone aibu."

"Najua." Hilo ndilo lililomliza Fundi, kwamba alijua. "Lakini aibu ile ilikuwa yangu. Ilikuwa inchi moja tu. Ningeimudu."

Wahenga wameshasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu mke wa mficha maradhi, aliyemficha mwenyewe maradhi yake. Labda waliona haya.

"Niipanue tena?" Fundi akauliza, akifuta pua kwa kipande cha bitana.

"Iache ilivyozaliwa. Itundike pale." Alionyesha msumari ukutani, karibu na meza ya kulia. "Na kesho kutwa nesi anakuja tena kazini. Nilimwita mwongo mbele ya watu. Litasahihishwa mbele ya watu."

"Utamwomba radhi. Vizuri."

"Mimi nitaomba yangu. Lakini, mama watoto, lori likizidi, nani huulizwa? Mizani?"

"Hapana."

"Nani?"

"Aliyepakia," akasema Fundi, akaketi kwenye kiti cha cherehani.

Alhamisi ilifika haraka kuliko inavyostahili siku ya wiki. Fundi alivaa gauni lake pana la bluu akaenda. Madereva kumi na watano, au ishirini, hakuthubutu kuhesabu, walikuwa wamejipanga mbele ya meza ya nesi. Wengi wao walikuwa wateja wake. Alipanda ukingoni mwa sahani ya chuma ili aonekane, na mara akajua kosa lake, kwa kuwa juu ya kibanda namba nyekundu zilianza kufikiri. Akashuka haraka kabla hazijaamua.

"Tepu ya nesi ni ya kweli," akasema. "Suruali ya mume wangu ndiyo ilikuwa inasema uongo, na mimi ndiye niliyeifundisha. Nesi, nisamehe. Walikuzomea kwa kazi ya mikono yangu."

Nesi alitikisa kichwa kwa upole, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Dereva wa lori la mbao, mtu mpana kama mlango wa ghala, akashika kiuno chake kwa nyuma.

"Fundi. Na hii yangu uliyoniwekea zipu mwaka jana?"

Fundi aliangalia kwingine.

"Fundi!"

"Inchi moja na nusu," akanong'ona. "Ulikuwa umesimama pale mlangoni unavuta tumbo ndani. Nilikuhurumia."

"Na yangu?" akauliza wa pili. "Ya kijani?"

"Mbili."

Mstari mzima ukavunjika. Watu wazima, wenye leseni za magari makubwa, walikuwa wanapapasana makalioni wakitafuta mishono. "Toa hesabu hapa, tujuane!" mmoja alipaza sauti, wengine wakaangua kicheko, na kile kicheko kilimwagikia Fundi kama maji ya moto, masikioni, shingoni, mpaka viganjani. Aliona sasa kwamba huruma yake ilikuwa imeenea barabara nzima, ikisafiri kwa malori.

Karani alitoka kibandani amebeba mawe mawili ya chuma, yale ya kilo ishirini yaliyopigwa muhuri, ambayo wakaguzi huyatumia. Kicheko kikafa. Aliyaweka juu ya mizani ndogo ya nesi, moja, kisha la pili, akainama akasoma, akasoma tena upande mwingine.

"Iko sawa," akasema. "Haikosei hata nusu kilo. Nesi, nilikuita mwongo, na mwongo alikuwa mimi bila kujua. Niwie radhi." Kisha akavua viatu, akapanda yeye wa kwanza. Tisini na sita. Akaitazama namba kwa haki ileile aliyomtendea kila mtu.

"Haipiti," akasema, lakini taratibu, kama anamwambia mtu anayempenda.

"Inashuka, baba," akasema nesi. "Hizo mbili ni za njaa, usizihesabu. Sasa tushushe kilo mbili kwa mwezi, kwa kula. Polepole."

Karani alishuka, akamgeukia mkewe. Hakutabasamu. Lakini alimpa mkono, ule mkono wa kumsaidia mtu kupanda.

"Nawe panda."

"Mimi? Mimi nimekuja tu kusema..."

"Panda, mama watoto."

Fundi alipanda. Hakuwa amepimwa tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, na hakuwa na wasiwasi, maana nguo zake zote zilimtosha. Nesi aliisoma namba kwa sauti ya chini, kwa adabu, lakini pale mizani watu wamezoea kusikiliza namba.

Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe ubavuni, kwenye mshono wa gauni la bluu. Chini ya kidole alikuta tuta dogo la uzi, na kando yake jingine, na kando yake matundu ya lile la kabla yake. Alizijua kazi hizo. Alikumbuka hata siku aliyoshona tuta la mwisho, pazia limefungwa, akijiambia peke yake kwamba vitambaa vya siku hizi, jamani, vinasinyaa sana kwa kufuliwa.